Mercedes-Benz 300E ya mwaka 1991: niweke injini ya Toyota, au nianze na lipi?

Kijana_wa_Kurasini (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za wakati huu. Baba mdogo ameniachia Mercedes-Benz 300E ya mwaka 1991, yaani W124 (jina la kiwandani la umbo hili), ya injini ya M103 yenye silinda sita na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Bodi haijawahi kugongwa na viti ni vilevile vilivyotoka kiwandani. Kazini ninakwenda na gari jingine, kwa hiyo hili nataka liwe la kujifurahisha mwisho wa juma. Nimepanga kulishusha, kulifunga rimu za inchi 18, na kutoa injini yake ili niweke 1JZ ya Toyota, kwa sababu iliyopo inaondoka kwa uzito kwenye mataa, inatetemeka gari likiwa limesimama, na taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) inawaka na kuzimika inavyotaka. Fundi wangu ameniambia kwamba mfumo wa mafuta umekwisha na hautengenezeki. Naomba ushauri wa wale wanaoyajua magari haya: nianze na lipi, na lipi niliache?

Fundi_Mstaafu (Arusha)

Hongera, kijana wangu, umepata gari zuri. Kabla ya kuihukumu injini, fungua kifuniko kilicho nyuma ya betri utazame rilei ya kuzuia umeme usizidi, ambayo utaitambua kwa fyuzi ndogo iliyochomekwa juu yake. Rilei hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye kompyuta ya ABS na pia kwenye kompyuta ya KE-Jetronic, ambao ndio mfumo wa mafuta wa Bosch uliofungwa kwenye injini yako. Lehemu ya ndani ikishapasuka kwa uzee, kompyuta zote mbili hupata umeme wa kukatikakatika, na matokeo yake ni hayo uliyoyaeleza: taa ya ABS inawaka ovyo na injini inatetemeka gari likiwa limesimama. Nunua rilei mpya iliyo bora. Inabadilishwa kwa mkono, kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, na baada ya hapo ndipo utakapojua kama bado kuna tatizo la mafuta la kulitafuta.

Kuhusu kuondoka kwa uzito, fahamu kwamba giaboksi ya 300E huanza na gia ya pili unapokanyaga pedeli taratibu, na gia ya kwanza huingia pale tu unapokanyaga kwa nguvu. Hivyo ndivyo Wajerumani walivyoitengeneza makusudi, ili abiria wa nyuma asirushwerushwe. Watu wengi waliozoea magari ya Kijapani huliona jambo hilo kuwa ubovu, na nimeona giaboksi nzima zikifunguliwa bila sababu yoyote.

Mwana_JZ (Mwanza)

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu rilei, lakini tuseme ukweli kuhusu KE-Jetronic. Ule ni mfumo wa kimakanika uliowekewa usimamizi wa kompyuta: hewa inainua sahani, sahani inasukuma pini, na pini inagawa mafuta kwa kila silinda. Ukikaa miaka mingi na mafuta machafu, pini inakwama, na mafundi wanaoweza kupima presha zake kwa geji inayofaa ni wachache hata Dar es Salaam. Injini ya 1JZ kila fundi anaijua, spea zake zinapatikana kila mji, na inalala vizuri kwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. Kwa mtu anayetaka kuendesha badala ya kukaa gereji, sioni kwamba ni dhambi.

Fundi_Mstaafu (Arusha)

Marahaba, mwanangu. Si dhambi, ila tuiweke kwenye mizani. Injini ya 1JZ inayopatikana kwa urahisi ni ile isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), ya lita 2.5, iliyotoka kwenye Mark II na Crown, nayo yenye VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka) ina nguvu farasi 200 na msokoto wa Nm 255. Injini aliyonayo huyu kijana ni ya lita 3.0, ina nguvu farasi 180 hivi, na msokoto wake nao ni Nm 255 kwa toleo lenye kichujio cha moshi. Kwa hiyo atatengeneza maunti mpya, atakata sampu (bakuli la oili chini ya injini), atafupisha propela shafti, ataunganisha waya upya, na mwishowe atapata gari linalovuta vilevile kama zamani. Hesabu inabadilika kwa 1JZ yenye tabo, iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 280, lakini hapo breki na difu lazima viingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wapandikizaji wa injini hulisahau. Kwenye gari hili, vilango vya hewa vya kiyoyozi na kirekebisha mwelekeo wa taa za mbele vinaendeshwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, kupitia vijibomba vyembamba vya plastiki vyenye rangi mbalimbali. Injini ikiondolewa na vijibomba hivyo vikazibwa kwa kokoto na gundi, kama nilivyowahi kukuta, kiyoyozi hakielekezi hewa pale unapoitaka na hakuna anayejua kwa nini. Ongeza kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko hayo yanapaswa kupelekwa TRA, mamlaka ya mapato, yakaandikwe.

Akitaka nguvu bila kuitoa Mercedes kwenye Mercedes, atafute M104 ya lita 3.2 iliyofungwa kwenye E320 ya umbo hilohilo: nguvu farasi 220, Nm 310. Aangalie tu waya za injini hizo, hasa za kati ya 1993 na 1995, kwa sababu ngozi ya waya za miaka ile hukauka na kupukutika yenyewe, na anayenunua injini bila kuzifunua ananunua hitilafu za umeme.

Mtumiaji_wa_Stuttgart (Ujerumani)

Salamu kutoka huku magari haya yalikozaliwa. Ndugu Kijana, kabla ya kununua rimu za inchi 18, tazama Mercedes wenyewe walifanya nini walipotaka W124 kali kuliko zote. Gari la 500E, lililoonyeshwa Paris mwaka 1990 na kuundwa kwa ushirikiano na Porsche pale Zuffenhausen, lilikuwa na V8 ya lita 5.0 yenye nguvu farasi 326 na madigadi yaliyopanuliwa, lakini lilishushwa mm 23 tu na kuvishwa rimu za inchi 16 zenye tairi za 225/55. Macho ya mtu anayelijua gari hili huutambua mkao huo mara moja, na ndio ninaoupenda mimi kuliko yale yanayokwaruza lami.

Huku wapenzi wengi wanafuata njia hiyo kwa sababu ya sheria pia. Gari likifikisha miaka 30 linaweza kupata namba yenye herufi H, ambayo humpa mwenyewe kodi isiyobadilika ya euro 191 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini, mradi gari liwe katika hali nzuri na mabadiliko yake yawe yale ya enzi zake. Rimu za AMG, tawi la Mercedes la magari ya kasi, za miaka ya tisini zinakubalika. Taa za LED za kisasa zinakataliwa. Ninyi huko hamna sharti hilo, lakini kama kipimo cha ladha ninaliona la haki.

Kijana_wa_Kurasini (Dar es Salaam)

Wakuu, ahsanteni sana. Nimebadilisha rilei, taa ya ABS imezimika na injini sasa inanguruma sawasawa, ingawa asubuhi bado inachelewa kidogo kuwaka. Habari ya 1JZ nimeiweka kando kwanza, Mwana_JZ anisamehe. Nimeng'oa pia zile plastiki za chini ya milango na kukuta kutu karibu na matundu ya kupigia jeki, upande wa abiria umezidi. Sasa nauliza kuhusu kushusha: nikate springi, au ninunue fupi?

Bandari_Mombasa (Mombasa)

Ndugu yangu, usikate kitu. Kutu ndiyo kazi yako ya kwanza, kwa sababu sisi wa pwani chumvi hatuiepuki, na gari lililooza mahali pa jeki halifai kushushwa wala kuinuliwa. Mwambie fundi wa bodi akate bati lililokufa na kuchomelea jipya, asizibe kwa puti.

Kisha, juu ya kila springi ya W124 pana mpira wenye vinundu ambavyo unaweza kuvihesabu kwa kidole: kimoja, viwili, vitatu au vinne. Kila kinundu kikipungua, mpira unakuwa mwembamba kwa takriban mm 5, na kwa kuwa springi ya mbele imekaa ndani zaidi kuliko gurudumu, kwenye gurudumu gari linashuka zaidi ya hapo. Ukikuta vitatu ukaweka mpira wenye kimoja, huenda mkao ukakutosha bila kununua springi, na siku ukibadili mawazo unarudisha ulichotoa. Springi ya mbele haikai kwenye shokabzoba bali peke yake juu ya mkono wa chini, kwa hiyo inatolewa kwa kibanio maalumu kinachoingia ndani yake. Fundi akikwambia atatumia jeki na kamba, tafuta mwingine, maana springi ile ikiruka inaua.

Rimu zitafutie za matundu matano yaliyopangwa kwenye duara la mm 112, na tundu la kitovu la mm 66.6. Uangalie na bolti: za Mercedes zina kichwa cha mviringo pale zinapokaa, ilhali rimu nyingi za dukani zinataka bolti zenye kichwa cha koni, na ukizichanganya zinalegea ukiwa barabarani hata kama ulizikaza kwa spana ya kipimo. Ukimaliza yote, badilisha bushi za mikono ya mbele kabla ya kwenda kupima alaimenti, la sivyo utailipia mara mbili.