Tupeane uzoefu: ulimpataje wakili wa shauri lako la ndoa, na ni kipi ungetamani kukijua mapema?

Mama Tausi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya mwaka. Juzi jirani yangu wa ukuta mmoja kafukuzwa na mumewe usiku, na asubuhi swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Shoga, unamjua mwanasheria yeyote?" Sikutaka kumjibu harakaharaka, na mtaelewa kwa nini.

Ndoa yangu ilivunjika baada ya miaka 11. Jambo moja nililifanya sawasawa: nilianzia Baraza. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, huendi mahakamani kudai talaka moja kwa moja. Baraza la Usuluhishi linawaita wote wawili, linawasikiliza, likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Tulipangiwa vikao vitatu, mwenzangu akaja viwili. Nikapewa hati, ile Fomu Namba 3, nikaiweka kwenye bahasha ya kaki.

Kosa langu likaanzia hapo. Jirani na mahakama kuna duka la stationari, watu wanatoa kopi na kuchapa barua. Mlangoni alikuwa anakaa kaka mmoja kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe, tai, mezani ana kidau cha wino na mihuri miwili. Kila anayepita anamwita wakili, nami nikamwita wakili. Akasoma hati yangu, akasema hili ni suala la miezi mitatu tu na nyumba unaondoka nayo. Nikampa 350,000 bila risiti. Nikampa na cheti cha ndoa, chenyewe, si kopi.

Kila nikipiga simu naambiwa jalada linasubiri kupangiwa hakimu. Miezi saba ikapita hivyo. Siku nikajikaza, nikaenda masijala mwenyewe. Karani akaniuliza namba ya shauri, sina. Akatafuta kwa jina langu, akatafuta kwa jina la mwenzangu, halafu akaigeuza kompyuta nione kwa macho yangu. Hapakuwa na kitu. Akaichukua na ile hati, akanionyesha tarehe kwa ncha ya kalamu: hati ya Baraza inatakiwa iwe haijapita miezi sita siku unapofungua shauri. Yangu ilishapitwa. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mama mmoja nisiyemjua akaninunulia maji.

Cheti nilikikuta kwa dada wa stationari, kwenye droo, pamoja na vyeti vya wanawake wengine wanne. Yule kaka alishahama. Baadaye ndipo nikajua watu wa aina yake wanaitwa vishoka.

Nilianza upya Baraza, na safari hii nikapata wakili wa kweli. Naombeni kila aliyepita njia hii aandike yake. Nataka nimpelekee jirani yangu kitu cha maana.

Ngosha_wa_Igoma

Pole sana dada yangu. Mimi ni mwanaume, niseme la upande wetu.

Nilizunguka kwa mawakili watatu hapa Mwanza kwa ajili ya mtoto wangu wa kiume, alikuwa na miaka minne. Wa kwanza aliniambia mtoto nampata, asubuhi na mapema. Wa pili hakuniuliza hata umri wa mtoto. Wa tatu, mama wa makamo, alisikiliza mpaka mwisho ndipo akasema: "Baba, sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, mpaka uthibitishe vinginevyo. Una ushahidi gani kwamba mama huyu hafai?" Sikuwa nao. Mama yule ni mlezi mzuri, ugomvi ulikuwa wetu sisi wakubwa.

Nilimchukua huyo wa tatu. Tuliomba haki ya kumwona mtoto mwisho wa wiki na nusu ya likizo, tukapata kwa makubaliano, hata ushahidi haukusikilizwa. Mtoto sasa ana miaka tisa na Ijumaa jioni ananisubiri getini akiwa na begi mgongoni. Ningemfuata yule wa kwanza ningekuwa bado napambana na mama wa mtoto wangu mahakamani.

Bint Kilindi

Naongezea la nyumba. Nilikuwa mama wa nyumbani, sina mshahara, na kiwanja kina jina la mume. Ndugu zake waliniambia kabisa kwamba sina changu.

Wakili wangu hakuanza na sheria. Aliniuliza wakati wa ujenzi nani alikuwa anawapikia mafundi, nani anapokea mchanga, nani anahesabu nondo. Nikakumbuka daftari langu, kaunta buku lenye jalada jekundu: saruji mifuko 40, fundi kalipwa nusu, mbao zimepungua tatu. Mwandiko wangu, miaka miwili na nusu, kuna kurasa zina madoa ya mafuta ya taa. Lile daftari likapokelewa kama kielelezo, na nilipoulizwa maswali nilikuwa najibu nikiwa nalo mkononi. Nilipata sehemu yangu. Si nusu, ila niliridhika.

Wakili_Msomi_Tz

Bint Kilindi, msingi wa hilo ni shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Jaji Mkuu Nyalali alisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe alizitapanya. Ndiyo maana wakili makini atakuuliza na yale yasiyokupendeza. Mwambie yote, msiri wako ni yeye.

Mama Tausi, mwambie jirani yako hivi. Digrii ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Wakili ameapishwa na Jaji Mkuu, ameingizwa kwenye Roli ya Mawakili, yaani daftari rasmi la majina yao, na leseni yake inahuishwa kila mwaka. Aingie mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili, atafute jina, aone kama leseni iko hai. Ni dakika mbili kwa simu ya mkononi. Ada waandikishane, risiti adai, nyaraka atoe kopi, na shauri likifunguliwa aombe namba yake siku hiyohiyo. Akitendewa vibaya na wakili halali, kuna Kamati ya Mawakili ya kupeleka malalamiko.

Kama hana fedha aende TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), wanawasaidia wanawake kwenye mambo hayahaya. Na kama mume anataka kuuza nyumba wanayoishi, asisubiri talaka. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza kuuza bila ridhaa ya mke, na mke anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati za ardhi.

Salim wa Kisauni

Kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo. Sisi Waislamu talaka, ndoa na mirathi tunaenda kwa Kadhi pande zote zikikubali mahakama hiyo. Dada yangu alichukua wakili hodari sana wa mambo ya ardhi, lakini kwa Kadhi alikuwa anababaika. Ikabidi tubadilishe. Halafu msidanganywe kuhusu nusu kwa nusu: Mahakama ya Juu ilisema wazi Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, kwamba mgao unafuata mchango wa kila mmoja. Wakili ukimpata, kamwangalie kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili wa Kenya kabla ya kutoa hata shilingi.

Neema_K

Naombeni msaada. Sisi hatukufunga ndoa, tumeishi miaka sita, watoto wawili. Nina haki yoyote?

Wakili_Msomi_Tz

Unayo. Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inachukulia mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama inaweza kuamuru matunzo na mgawanyo wa mali. Tafuta mashahidi: mjumbe, majirani, mwalimu wa watoto. Matunzo ya watoto usiyasubirishe, anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako wiki hii.

Mama Tausi

Asanteni sana, nimeyasoma yote kwa sauti jirani yangu akiwa amekaa hapa mkekani. Jina la wakili aliyeelekezwa na shemeji yake tumelitafuta kwenye e-Wakili, halipo. Kesho asubuhi namsindikiza TAWLA. Ameshapiga kopi mbilimbili za cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, vile vyenyewe ameniachia mimi nimtunzie.

Anauliza jambo moja: kuna aliyewahi kukazia hukumu ya matunzo baada ya baba kuacha kutoa? Mwenye uzoefu huo aandike, hata usiku tutasoma.