Naomba ushauri: tempo za programu mbili hazishikani

Wadau wa studio habari zenu, niko Kisumu narekodi ohangla, muziki wa Kiluo, na nimekwama. Mzee wa nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) alipiga bila kliki, yaani ule mlio wa kushikia mdundo, anaongeza kasi akinogewa na hiyo ndio raha yenyewe, sitaki kuinyoosha. Kwa programu ya kurekodi nimechora tempo mapu, yaani ramani ya kasi ya wimbo, inaanza mapigo 126 kwa dakika inaishia 134, inashika poa kabisa, lakini ile ya kuhariri sauti niliyoiunganisha inasoma 120 mwanzo mwisho, sasa ukifika korasi mlio wa oporo (pembe ya kupuliza) umeachana na kiki, ngoma ya besi. Sampo reti (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde) zote ni 48 kHz na sauti haijapanda wala kushuka, so shida haiko hapo. Nifute traki niihamishe upya baada ya mapu, ama kuna setingi ya kuilazimisha ifuate? Tafadhali nisaidieni, mzee anangoja wimbo wake.