Kovu la begani: la ndui au la BCG?

Mchamwino: Habari wakuu. Tunaandaa mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii hapa Chamwino. Tangu mpox (homa ya nyani) ithibitishwe nchini Machi 2025, vijijini wanauliza: mzee mwenye kovu la chanjo ya ndui ana kinga? Tunalitofautishaje na la BCG, chanjo ya kifua kikuu? Na chanjo ile ilikuwa na madhara gani?

Tabibu_AreaC: Mkuu, anza na umri. Ndui ilitangazwa kutokomezwa Mei 1980 na chanjo ya kawaida ikakoma, hivyo kwa kijana kovu ni la BCG, ambayo kwetu huchomwa bega la kulia. La ndui ni pana zaidi, limebonyea, na ndani lina vishimo vidogo. Kinga dhidi ya mpox ipo kiasi, maana kirusi chake ni ndugu wa kile cha ndui, ila hupungua miaka ikienda. Tafadhali msiwaambie wazee wako salama.

Sindano_Mbili: Kuhusu madhara, lazima ujue ilivyochanjwa. Sindano haikuwa na tundu, ni kijiti cha chuma chenye ncha mbili kama uma. Unachovya kwenye chanjo, tone linanasa katikati ya ncha, unadunga haraka mara 15 sindano ikiwa wima, eneo lenye upana wa milimita 5 hivi, mpaka damu kidogo ichungulie. Ukipaka spiriti na kudunga kabla haijakauka, kirusi kinakufa na chanjo haishiki.

Ikishika, siku ya 3 au 4 kinatoka kipele, wiki ya pili kinajaa usaha, wiki ya tatu kigaga kinadondoka. Hatari iko hapo: kirusi ni hai (vaksinia, si ndui yenyewe). Mtu akikuna kidonda kisha akashika jicho, anaweza kuharibu kioo cha jicho. Mwenye ukurutu vidonda vinaweza kumtapakaa mwilini, hata akiambukizwa na aliyechanjwa nyumbani kwake. Kwa mwenye kinga dhaifu kidonda kinazidi kula nyama. Mara chache sana ubongo au moyo huvimba. Kwa wanaochanjwa mara ya kwanza, vifo ni kama 1 au 2 kwa kila milioni.

Mchamwino: Na chanjo ya mpox ya sasa ndiyo hiyo hiyo?

Tabibu_AreaC: Hapana. MVA-BN kirusi chake hakizaliani mwilini. Nusu mililita chini ya ngozi, dozi mbili, wiki 4 katikati. Hakuna kidonda cha kuambukiza wengine, ndiyo maana hata anayeishi na VVU anaweza kupewa.