Msaada wakuu: duka ni "stationary" au "stationery"?

Kibanda_Uyole: Wakuu habari zenu, poleni na baridi. Nimefungua duka la madaftari, kalamu na kutoa kopi hapa Uyole. Bango limeandikwa STATIONARY, herufi nyekundu kubwa kama za basi. Mteja mmoja kapita, kasoma, kacheka, kaenda zake. Hivi kuna tofauti? Usingizi sipati tangu Jumapili.

Bibi Tangawizi: Ipo. Yenye A ni kitu kilichosimama palepale, kama lori lililokwama Kitonga. Ya vifaa vya kuandikia ina E. Kumbuka penseli, ina E mbili.

Mzee wa Sembe: Mimi Makambako niliagiza viroba vya unga, vikaja "Maize Flower", yaani ua la mahindi. Niliviuza vyote. Hakuna aliyerudi kusema ugali unanukia waridi.

Ndizi Tukuyu: Tatizo letu kuabudu Kiingereza. Andika "Duka la Madaftari" ulale.

Bibi Tangawizi: Mtoa mada, fundi alijitungia au ulimwandikia?

Kibanda_Uyole: Nilimwandikia kwenye karatasi.

Bibi Tangawizi: Na kazi yako nyingine?

Kibanda_Uyole: Nafundisha Kiingereza, kidato cha pili. Aliyecheka ni mwanafunzi wangu. Ila sioni haja ya kufuta. Zamani Uingereza muuza vitabu aliyekaa kituo kimoja, tofauti na wale wa kutembeza, ndiye aliyeitwa "stationer". Maneno yote mawili yametoka kwenye kusimama, kwa hiyo hoja ninayo. Halafu mhuri nimeshachongesha, na vitabu vinne vya risiti.

Ndizi Tukuyu: Ticha, hoja hiyo kamweleze aliyecheka.

Sina Haraka: Chai hii. Mwaka jana ilikuwa saluni ya Mafinga, leo duka la Uyole. Weka picha.

Mzee wa Sembe: Kweli bwana. Ticha gani hajui E na A lakini ya Uingereza ya kale anayajua?

Kibanda_Uyole: Nimeyasoma jana usiku nikitafuta pa kujifichia. Picha siweki, mtanijua. Rangi nyekundu imebaki nusu kopo. A naweza kuigeuza E?

Bibi Tangawizi: Haigeuki mwanangu, itakuwa kama ngazi iliyovunjika. Paka nyeupe kwanza.

Kibanda_Uyole: Nyeupe sina. Na mvua ndiyo imeanza.