Mtafiti anayeuliza hali ya mtoto aliyetofautiana na jinsia yake: tumzuie au tumsikilize?

Mtoa mada, Mwanakwerekwe, Unguja

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naleta mada ambayo juzi ilivunja baraza letu kabla kahawa haijamalizika. Kijana mmoja anayesomea saikolojia alitueleza kazi ya Kristina Olson, profesa wa Marekani ambaye tangu mwaka 2013 anafuatilia mamia ya watoto wanaosema kuwa jinsia yao si ile waliyozaliwa nayo, akitaka kujua wanaendeleaje kimoyo na kiakili. Mzee wetu mmoja akasema kuwa mwenye kuuliza swali kama hilo ameshalijibu, na kwamba mtafiti wa namna hiyo asiukanyage mchanga wetu. Mzee ninamheshimu, lakini katika hili sikubaliani naye.

Tuijue kwanza kazi yenyewe. Mwaka 2016 profesa huyo na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 73 wenye umri wa miaka 3 hadi 12, ambao wazazi wao walikwisha kuwakubalia waishi kwa jina, nguo na nywele za jinsia wanayoihisi, bila ya dawa wala upasuaji. Sonona yao haikuzidi ile ya watoto wengine. Wasiwasi ulizidi kidogo. Mwaka 2022 wakatoa taarifa ya watoto 317, kwamba baada ya wastani wa miaka 5 asilimia 94 walikuwa wakisema vilevile, na asilimia 2.5 walikuwa wamerudi katika jinsia ya kuzaliwa.

Sisemi tuzipokee tarakimu hizo kama zilivyo. Katika kazi ya 2016 waliojaza dodoso ni wazazi, tena wazazi waliojitolea wenyewe na wengi wao wenye nafasi, na mzazi aliyekwisha kumkubalia mwanawe si shahidi asiye upande. Huko Uingereza, mapitio ya huduma za afya kwa watoto wa namna hii, yaliyoongozwa na Daktari Hilary Cass, yaliyotoka Aprili 2024, yaliona kuwa ushahidi juu ya faida au madhara ya kumbadilishia mtoto jina na mavazi bado ni dhaifu. Kwa hiyo anayetwambia kuwa jambo limekwisha kuthibiti, kwa upande wowote ule, anatuharakisha.

Lakini tazameni tofauti yetu na wao. Huko ugomvi mkubwa ni wa viwakilishi, kwa kuwa Kiingereza humtaja mwanamme kwa neno lake na mwanamke kwa lake. Sisi tuna "yeye", na limetutosha tangu mababu. Mtoto wa kwetu jinsia humkuta penginepo: kwenye jamvi la chuo cha Kurani, kwenye safu ya sala, kwenye buibui na kofia, na siku ya kugawa mirathi. Ndiyo maana swali la ustawi wake haliwezi kujibiwa kwa dodoso lililoandikwa Marekani na kufasiriwa usiku mmoja.

Wapo watakaosema dini imefunga mlango. Vitabu vya fikihi ya Shafii tunavyovisoma vina mlango wa huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ya kiume au ya kike, vikieleza asimame wapi katika sala na arithi vipi. Najua hilo ni suala la maumbile ya mwili, na sitaki kulichanganya na suala la moyo. Hata hivyo Imamu Nawawi, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, alimtenga mwanamme aliyeumbwa na mwenendo wa kike, asiyelaumiwa kwa alichoumbiwa, na yule anayejifanya. Sidai kuwa Nawawi aliruhusu mtoto abadilishwe jina. Ninachosema ni kuwa ili atenganishe hivyo, ilibidi kwanza amwangalie mtu kabla ya kumhukumu.

Nilisoma chuo miaka ya 1990 na mtoto aliyekuwa akijipenyeza kwenye jamvi la wasichana. Aliufunga msahafu wake ndani ya kipande cha kanga ya mama yake, na akisoma huwa na sauti nzuri kuliko sisi sote. Maalim alimhamishia mbele, karibu na bakora. Sisi tukampa jina la kike na tukawa tunamwitia hilo njia nzima hadi kwao. Mwezi wa Rajabu haukuisha, akawa haji tena. Alikuwa nani moyoni mwake, mpaka leo sijui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mchangiaji, Chake Chake, Pemba

Waalaykumu salaam kaka yangu. Mimi ni muuguzi, na hofu yangu si ya dini wala ya Marekani. Barua ya utafiti huku kwetu hupita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, kwa hiyo mzazi lazima aridhie, na ukishamwomba baba saini umekwisha kumfichulia jambo ambalo pengine mtoto alimwambia bibi yake tu, au hakumwambia mtu. Kisha mtafiti ataandika "mvulana, miaka 11, baba mvuvi, Wesha", akidhani ameficha jina. Kaka yangu, Wesha nzima itajua kabla ya magharibi. Waswahili walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini mwosha wa kweli hukaa kimya, ilhali mtafiti huchapisha. Sheria yetu ya adhabu nayo inakataza mahusiano ya jinsia moja. Hilo ni jambo jengine kabisa, lakini mtaani hawatenganishi, na neno watakalomtupia mtoto ni lilelile moja. Huyo profesa watoto wake wametapakaa katika nchi kubwa. Wetu wataishi hapahapa hadi wazeeke.

Mtoa mada

Dada yangu, nakiri kuwa hilo la saini ya baba sikulifikiria, na linanilazimisha kubadilisha nusu ya niliyoyasema. Basi utafiti wa kuwasaka watoto hawa mmoja mmoja usifanywe kwetu, hata akija nao mtu mwenye nia njema. Lakini kunyamaza nako ndiko kulikomtoa mwenzangu chuoni. Naona iko njia ya katikati: waulizwe watoto wote wa darasa, kwa karatasi isiyo na jina, ni mara ngapi wiki hii waliitwa jina lisilo lao, walikaa peke yao wakati wa mapumziko, au waliogopa kuja skuli. Swali hilo halimchomozi mtu, na mzazi haoni taabu kuliridhia. Litatuonyesha chuo gani na skuli gani watoto wanaumia, bila ya kutwambia mtoto ni nani.

Mwenzangu huyo nilikutana naye mwaka jana sokoni Darajani, anachagua ndizi. Alinikumbuka. Tuliulizana habari za wazee na za mvua, tukaagana, na lile jina tulilompa wala sikuthubutu kulitaja.

Sasa naomba unisaidie palipobaki, kwa kuwa wewe uko karibu na watu kuliko mimi: karatasi hizo akusanye nani, ikiwa si mwalimu wala sheha?