DragStar au V-Strom? Miguu mifupi, mke nyuma, Kolwezi kila mwezi

Mwana_Kampemba:

Jambo ndugu zangu. Naomba ushauri wa waliokwisha kukaa juu ya moto (pikipiki) kubwa, siyo wa kuangalia picha tu.

Nina miaka 43, urefu mita 1.66, fundi umeme hapa Lubumbashi. Mwaka wa tisa huu niko kwenye TVS, moto ndogo. Mama yangu anaishi Kolwezi na basi limenichosha: kilomita 300 na kitu, magoti yamebanwa na gunia la mtu nisiyemjua. Mke wangu naye anataka tuwe tunaenda pamoja. Nimeweka kando dola 4,000.

Nimeona mbili. Ya kwanza ni Yamaha DragStar 650 ya 2005, imetoka Ndola, Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Jamani! Nyeusi, kromu tupu, ukikaa miguu yote miwili inalala chini. Muuzaji aliiwasha mara moja tu ikaitika, na ule mngurumo bado ninao masikioni. Ya pili ni Suzuki V-Strom 650 ya 2013, ya mgeni mmoja wa migodini anayerudi kwao. Ina kioo cha upepo na masanduku pembeni, imetunzwa vizuri, lakini sura yake ni ya korongo aliyenyeshewa. Tena ni ndefu, chini nagusa kwa ncha za vidole.

Moyo uko kwa DragStar. Nikienda kuijaribu nitazame nini? Muuzaji anataka nizunguke ndani ya kiwanja chake tu.

Fundi_Katuba:

Ulipofika, injini ilikuwa ya baridi au ilikwisha pata moto? Anza hapo. Kila muuzaji anajua kuipasha kidogo kabla mteja hajagonga geti. Ile DragStar ina kabureta mbili, vile vinavyochanganya esansi (petroli) na hewa, na zikilala miezi na esansi ndani zinaziba. Asubuhi inapiga chafya, inazima ukirudisha choki, ile ya kuwashia injini baridi. Ikishapata joto inakuwa malaika. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu, weka kiganja karibu na injini hata kabla hamjamaliza salamu. Ukikuta vuguvugu, omba kiti, piga hadithi mpaka ipoe.

Kisha inama. Soma namba ya shasi kwenye shingo ya fremu. Anza na chuma, halafu ndiyo uombe karatasi ya forodha ya DGDA, ulinganishe herufi kwa herufi. Akikuambia karatasi "iko njiani", ujue njiani utakuwa wewe, kila siku, na polisi wa rulaje, wale wa barabarani.

Mipira ya magurudumu: tafuta pembeni alama ya DOT, tarakimu nne za mwisho, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unaweza kuwa na meno yote na umekauka kama ngozi ya ngoma. Na hapo ndipo DragStar itakukamata, maana nyuma inavaa 170/80 ya inchi 15. Niliwahi kumtafutia mteja mpira huo, nikazunguka mji mzima naletewa 17 na 18. Mwisho ulitoka Johannesburg, moto ikalala kwangu wiki tatu. V-Strom nyuma ni 150/70 ya inchi 17, hiyo angalau inatafutika.

Sifa yake nami niiseme: haina mnyororo, ni kardani, yaani chuma kinachozunguka ndiyo kinapeleka nguvu nyuma. Kwa vumbi letu jekundu hiyo ni neema. Unabadilisha mafuta ya ile gia ya nyuma, basi. Angalia tu kama hayavuji.

Kipushi30:

Yaya, moto ya Zambia iko na taa ya kule. Kule banapitaka kushoto, taa inaangazaka kushoto. Huku tunapitaka kuume, njo inaingia mu macho ya benye banakuja. Mi nilitembea vile miezi mbili, bashofele ya malori banawasha taa yote, mi nazani banasalimia.

Yaya_Likasi:

Nimefanya Likasi–Lubumbashi na DragStar ya shemeji yangu, kilomita 120, sitaki tena. Mjini ni mfalme, sikatai. Lakini miguu iko mbele, kwa hiyo shimo likikujia huwezi kusimama juu ya vikanyagio. Uti wa mgongo ndio unaolipa. Amortisa (springi) ya nyuma inacheza chini ya sentimita 10, ya V-Strom kama 15. Na bila kioo cha upepo, ukifika 100 kifua kinakuwa tanga, mikono inavutwa mpaka Likasi.

Halafu malori. Barabara unaijua, shaba inashuka kwenda Kasumbalesa mchana na usiku. DragStar ina nguvu za farasi 40. Mko wawili, na unga wa mama nyuma, unamfuata semi, lori la trela, kilomita tano ukila moshi wake huku ukihesabu kama nafasi inatosha. V-Strom ina karibu 70. Unazungusha mkono, umepita.

Chuma_ya_Zamani:

Nunua ile ambayo ukishaipaki unageuka kuitazama tena. Mengine porojo.

Mama_Plamedi:

Ninyi wote mnasema habari za mwenye kushika usukani. Anayekaa nyuma hamjamuuliza. Mimi mume wangu alinipakia kwenye moto ya aina hiyo kutoka mjini mpaka Kipushi, kilomita 30 tu. Kiti cha nyuma ni kitumbua. Hakuna cha kushika, magoti yamepanda mpaka kwenye mbavu, kila shimo nalipokea kwa jina la Yesu. Tulirudi na teksi, mimi na mtoto tumboni ambaye ndiye huyo Plamedi.

Papa, mpeleke mkeo kwenye kujaribu. Avae suruali na kaski (kofia ya moto) inayomtosha, siyo ile yako ya akiba. Dakika 20 barabarani, siyo kiwanjani. Akishuka usimuulize ameionaje, atakuonea huruma akudanganye. Mtazame anavyotembea.

Mwana_Kampemba:

Mama Plamedi, nimecheka mpaka mke wangu akaja kusoma. Sasa mambo yamekuwa mengine, anadai tupange siku. Lakini muuzaji wa DragStar anasema akinipa ufunguo nitapotea nayo.

Fundi_Katuba:

Ana haki, kwani anakujua? Mwachie TVS yako na karatasi zake. Andikeni kabla: ikianguka analipa nani. Pesa usimpe kwanza, ishikwe na mtu mnayemwamini wote wawili. Akikataa hata hivyo, mshukuru uende.

Kiwanjani utaijua klachi tu. Kama usukani unatetemeka, utasikia ukifika 60. Panda mwinuko na gia kubwa mwendo mdogo, sikiliza kama inakohoa. Mahali patupu, jaribu breki ya mbele peke yake. Na geuza njia nzima bila kushusha mguu, mke akiwa nyuma. Wengi wanaruka hiyo.

Mwana_Kampemba (siku nane baadaye):

Nimerudi. Jumanne asubuhi nilifika kwa mwenye DragStar, akatoka na mswaki mdomoni. Injini baridi kabisa. Choki, ikakohoa mara nne ndipo ikashika, tena kwa silinda moja kati ya mbili. Bomba moja lilikuwa la moto, la pili nililishika kwa mkono kama kikombe cha maji. Baada ya muda mrefu nalo likaitika. Shasi na karatasi vinalingana. Mpira wa nyuma: 0911.

Nikaacha TVS, tukashika njia ya Kipushi. Dakika kumi za kwanza nilikuwa rais. Watoto wananipungia, na mimi napunga. Ya kumi na tano nikagongwa begani. Aliposhuka nilifanya ulivyosema, Mama Plamedi, nikamtazama. Alitembea kama bibi kizee.

Jumamosi ikawa V-Strom. Mke alikaa nyuma kama yuko sebuleni. Baada ya kilomita chache nikasikia sauti ndani ya kaski yangu, nikadhani ni injini. Ni yeye, anaimba.

Sasa aibu. Tumerudi kwenye geti la mwenyewe, nasimama, ardhi pale inateremkia kushoto. Mguu ukaitafuta chini, chini haipo. Tukalala polepole kama ng'ombe anayepiga magoti, mimi, mke na moto. Hakuna aliyeumia. Kioo cha kushoto kimevunjika, nimelipa dola 40. Yule mgeni alicheka, akasema naye ilimtokea mwezi wake wa kwanza. Anasema kuna vyuma vya kuishusha nyuma. Fundi, ni kweli?

Fundi_Katuba:

Ni kweli, vinashusha sentimita mbili tatu. Ila ukishusha nyuma, shusha na mbele kidogo, la sivyo usukani unakuwa mzito kugeuka. Na ule mguu wa kuegeshea itabidi ukatwe, utakuwa mrefu, moto itaangukia upande wa pili ukiwa dukani.

Lakini usikimbilie chuma. Vaa kwanza buti zako za kazi zenye soli nene. Ukisimama, sogeza tako pembeni ya kiti, mguu mmoja wa kushoto ulale vizuri, wa kulia ubaki kwenye breki. Na mke asipande wala asishuke mpaka umwambie.

Mwana_Kampemba:

Nimemwomba mwenyewe anipe Jumamosi nyingine, nije na buti. Amekubali. Amesema mke wangu aje hata bila mimi.

Chuma_ya_Zamani:

Na ile DragStar? Kama umeiacha, nitumie namba ya muuzaji kwa faragha.