Nikishika laringoskopi (kile kifaa cha kumulikia koo) akili inafutika, nifanyeje wakuu?

Mzee_wa_Zamu: Wakuu salama? Nipo kitengo cha dharura, kazi zingine napiga freshi ila ikifika kumwekea mgonjwa mpira wa hewa, oksijeni ikianza kushuka na ule mlio wa mashine unazidi kuwa mzito, mikono inatetemeka, naona koo tu, hata nesi akiniita simsikii. Mnatulizaje akili?

Nesi_Mstaafu: Simu hizo mwanangu, mnalala saa ngapi? Sisi tulibanwa na sista mmoja mkali hadi woga ukatuogopa wenyewe.

Kapumzi: Vuta pumzi hesabu 4, shikilia 4, toa 4, tulia 4. Halafu tangaza mpango timu yote isikie: mpira ukigoma narudi kwenye maski, maski ikigoma na oksijeni haiingii tunatoboa koo kwa mbele hewa ipite. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 unasema majaribio yasizidi 3, la 4 labda aje aliyekuzidi uzoefu. Kasome kisa cha Elaine Bromiley, mgonjwa wa Uingereza aliyefariki 2005, nesi kashaleta vifaa vya kutoboa koo, madaktari bado wanahangaika na mpira tu.

Kijeba: Mi nilitetemeka hivyo siku ya kutoa mahari, pole mkuu 😂

Kapumzi: Mzee wa zamu, kuna kitu unatumia?

Mzee_wa_Zamu: Propranololi tu, ile dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kanipa mshkaji, mbona hata wanamuziki wanameza kabla ya shoo. Mikono inatulia kabisa.

Nesi_Mstaafu: Una ugonjwa wowote? Usinifiche.

Mzee_wa_Zamu: Pumu, ila ya utotoni. Inhela natembea nayo kwa tahadhari tu.

Nesi_Mstaafu: Yesu wangu! Hiyo dawa inabana kifua cha mwenye pumu, na inhela yenyewe inaweza isikusaidie!

Mpekuzi: Chai hii. Mtu wa dharura asijue propranololi na pumu haviendani? Mnajaza seva bure.

Mzee_wa_Zamu: Nani kasema sijui? Nameza nusu kidonge, tena siku za zamu tu. Kama chai usinywe.

Kijeba: Sasa kifua kikikubana katikati ya kazi, nani anamwekea nani mpira?

Mzee_wa_Zamu: Basi nitajieni nyingine isiyogusa pumu, Jumamosi naingia usiku.

Kapumzi: Dawa hutajiwi humu, kamwone daktari wako. Jumamosi mwenzako ashike laringoskopi, wewe kaa na oksijeni na uhesabu majaribio kwa sauti.